Namba ya hewa isomwe kabla ya kutoka nje

Mhariri,

Inasikitisha kuona namba ya ubora wa hewa ikipuuzwa na hata wenye pumu. Kwa kipimo cha Marekani, 0 hadi 50 ni kijani: hewa safi. Ikifika 101, rangi ya machungwa, watoto, wazee na wagonjwa wa moyo au mapafu wapunguze kazi nzito za nje. Kuanzia 151, nyekundu, tahadhari ni ya kila mtu. Ikivuka 300, rangi ya damu ya mzee, kaeni ndani.

Chembe za uchafu hewani zisizozidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) ndizo hatari zaidi, maana hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Barakoa ya kitambaa haizizuii vya kutosha. Vaeni N95, barakoa maalumu ya kuchuja chembe, mikanda yote miwili ikiwa nyuma ya kichwa na ukingo umeshika uso. Ndevu huacha mwanya, na hewa chafu hupita hapo bila kuchujwa. Ozoni, uchafu mwingine wa hewa, ni gesi, hivyo barakoa hiyo haiizuii. Ozoni hupanda mchana wa jua kali. Mazoezi yafanyike asubuhi, mradi namba ya chembe nayo iwe chini.

Naomba gazeti lako lichapishe namba hiyo kila siku, kando ya utabiri wa mvua.