Vigeu vya mashine vipewe majina

Mhariri,

Wiki jana, katika karakana yetu hapa Kisumu, mwenzangu wa zamu ya usiku aliharibu kipande cha chuma kwa sababu programu ya mashine ya kukereza ilimtaka abadilishe #101, yaani kigeu (nafasi ya kuwekea thamani inayobadilika) kilichopewa namba tu, naye, asijue kama hicho ni kina au kasi, akabahatisha. (Simlaumu, aliyeiandika ni mimi.) LinuxCNC, programu ya kompyuta ya kuendeshea mashine ambayo hailipiwi hata senti, huruhusu kuandika #<kina> = 2.5, na jina likianza kwa mstari wa chini, yaani #<_kina>, hutambulika hata ndani ya programu ndogo ambazo programu kuu huziita zifanye kazi. Mashine inayokubali namba pekee iandikiwe maelezo kwenye mabano. Naomba walimu wa vyuo vya ufundi wawazoeshe wanafunzi hivyo mapema, tena kwa Kiswahili.

Fundi wa mashine,
Kisumu