Mafundi, swichi ikate waya wa moto

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na mafundi umeme, wenye nyumba na wapangaji wenzangu wa huku Mtwara. Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga Chikongola mwaka wa sita sasa, vyumba viwili na sebule, na chumba kimoja nimekigeuza cha kushonea. Sare za shule za Januari nazimalizia usiku, kwa hiyo taa kwangu ni kama mkasi. Kupitisha uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi saa nne usiku kunataka mwanga wa kueleweka.

Taa ya chumba hicho ilikuwa haizimiki sawasawa. Nikibonyeza swichi, mwanga mkubwa unaondoka lakini ndani ya balbu kunabaki weupe hafifu, kama kaa lililofunikwa majivu. Mchana huwezi kuuona, ila usiku ukifunga mlango unauona vizuri. Kwa kweli niliupenda, maana wanangu walikuwa wakipita pale kwenda chooni bila kujikwaa kwenye meza ya cherehani. Jirani aliniambia nimeuziwa balbu feki. Nikanunua nyingine ya LED ya 9W, ikawa vilevile. Nikanunua ya tatu, duka jingine, mambo ni yaleyale. Kwa kuwa nilipohamia palikuwa na balbu ya zamani ya 60W, ambayo ikizimwa ilizimika kabisa, nikaamini hizi mpya ndizo zilivyo, nikaacha.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne mwaka huu, balbu ile ikafa kabisa. Binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa anapiga deki, sakafu mbichi, miguu peku. Akasema, "Mama, ngoja niitoe." Akazima swichi kama nilivyomfundisha, akapanda kwenye stuli ya chuma ninayokalia nikishona. Alipoizungusha balbu, kile kichwa cheupe cha plastiki kikachomoka kikabaki mkononi mwake, kitako kikabaki kwenye holda na vile vidude vyake vya ndani viko wazi. Akapeleka vidole akishike. Nilikuwa napima kiuno cha sketi ya mteja. Nilisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwa mwanangu, kisha kishindo. Alianguka chini, kiwiko kikavimba na vidole viwili vikawa na alama nyeupe. Tulimkimbiza hospitali, wakampima moyo, wakamwangalia hadi jioni, tukarudi naye nyumbani. Namshukuru Mungu kwamba alianguka, kwa maana angeng'ang'ania pale nisingekuwa naandika barua ya namna hii.

Nisilolielewa siku ile ni hili: swichi ilikuwa imezimwa. Niliiangalia mwenyewe.

Mtoto wa kaka yangu anasoma umeme chuo cha ufundi, VETA. Alikuja kesho yake na bisibisi ya testa. Kwanza akaijaribu kwenye soketi anayoijua ina umeme, kitaa cha testa kikawaka. Akazima meni swichi, akakitoa kile kitako kwa koleo, akawasha tena meni swichi. Swichi ya ukutani akaiacha imezimwa. Akagusa holda kwa testa, ikawaka nyekundu. Kisha akafungua swichi ya ukutani, akagusa skrubu ya kwanza, kimya, ya pili, kimya. Akanigeukia, "Shangazi, hapa mambo yamegeuzwa. Swichi iko kimya na holda ina moto. Ilitakiwa moto uishie kwenye swichi, holda ndiyo iwe kimya."

Akanichorea kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya meza. Taa inataka waya mbili, wa moto unaoleta umeme na wa nyutro unaourudisha. Ukikata wowote kati ya hizo mbili, taa itazimika, na ndiyo sababu fundi mvivu hajulikani. Akiipitisha swichi kwenye nyutro, ukibonyeza taa inazima, wewe unamlipa, unamshukuru, anaondoka. Lakini waya wa moto umekwenda moja kwa moja hadi kwenye holda, na 230V zimekaa pale usiku na mchana zikimsubiri mtu wa kuzigusa. Binti yangu aliposhika akiwa na miguu mibichi kwenye stuli ya chuma, yeye ndiye aliyekuwa njia ya umeme kwenda ardhini.

Na ule mwanga hafifu nilioupenda ulikuwa unaniambia hilo kwa miaka. Umeme mdogo sana hupenya kutoka kwenye holda yenye moto, ukapita ndani ya balbu hadi kwenye waya zilizolala pamoja ndani ya bomba moja. Balbu ya zamani haiwezi kuuonyesha kwa sababu waya wake lazima upate joto jingi ndipo ung'ae. LED inahitaji kidogo mno, kwa hiyo inauonyesha. Balbu zangu tatu zilikuwa nzima na nilizilaumu bure. Mpwa wangu alinitahadharisha kwamba si kila taa inayobaki na mwanga ni ya hatari. Swichi yenye kitaa kidogo cha kuionyesha gizani huleta hali hiyo, na waya ndefu zilizopita pamoja nazo zinaweza kuileta hata zikiwa zimefungwa sawasawa. Lakini ukiiona kwako, ita mtu mwenye testa aangalie. Usiigeuze taa ya kulalia kama mimi.

Kijana alikataa kuunganisha mwenyewe, akasema bado hana leseni. Nilimpenda kwa hilo. Tukamtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, akapanda darini. Alikuta kiboksi cha maungio hakina mfuniko, waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu nyeusi iliyokwisha kuyeyuka. Aliposhusha kipande ili nikione, shaba ilikuwa imeota ukijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa nje. Sisi tunaishi na bahari. Upepo wa chumvi unaingia hadi darini, na maungio ya kusokota yanalika taratibu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanya taa ya sebuleni icheze kila nikichomeka pasi, nami nikidhani ni umeme mdogo wa mtaani. Pale waya ulipolika, panapata joto. Paa letu lina mbao. Sihitaji kueleza zaidi.

Akayakata yote, akaweka konekta za skrubu, akabadilisha moto na nyutro vikakaa mahali pake. Haikuzidi saa moja. Kazi ya chini ya saa moja, na mtoto wangu alikuwa anaishi chini yake kwa miaka sita!

Ndugu mafundi, naomba mnisikie. Msimu wa korosho ukifika huku kwetu, watu wanapata hela, nyumba zinapauliwa na kuwekewa umeme kwa mfululizo, na kila mtu anataka kuwasha kabla mvua hazijaanza. Najua mnaharakishwa. Najua pia kwamba waya ikiisha mnamalizia na rangi iliyopo, mkatumia nyeusi panapotakiwa nyekundu, au bluu mahali pa kahawia, kwa hiyo anayekuja baada yenu hawezi kuamini rangi. Basi angalau kabla hamjafunga mfuniko wa swichi, zimeni swichi, wekeni testa kwenye holda. Ikiwaka, hamjamaliza kazi, hata kama taa inawaka na kuzima vizuri.

Wenye nyumba, mpangaji akisema taa inacheza au swichi ina joto, msimwambie akanunue balbu.

Na sisi tunaokaa humo tuache kukimbilia dukani. Taa ikigoma, ihamishie balbu hiyo chumba kingine. Ikiwaka kule, balbu haina kosa. Tatizo liko kwenye holda, swichi au waya. Muuza duka anakujaribia balbu mpya kabla hujalipa, mpelekee na ile ya zamani aijaribu palepale. Kwenye tyubu laiti inayopepesa bila kuwaka, badilisha kwanza staata, kile kidude kidogo cha kuianzisha, ambayo ni bei ya soda, kabla ya kutupa tyubu nzima. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua karibu na swichi, zima meni swichi na usiiwashe hadi fundi afike. Kubwa zaidi, usitoe balbu kwa kuamini swichi ya ukutani. Zima meni swichi, vaa kandambili kavu, na mtoto asipande.

Baada ya kwangu, mwenye nyumba alikubali vyumba vya wapangaji wengine vikaguliwe. Nyumba ina swichi za taa kumi na moja. Tatu nyingine zilikuwa zimegeuzwa, mojawapo ikiwa ya bafu la pamoja, ambako sote tunaingia na maji mwilini. Zimerekebishwa zote wiki iliyopita. Nyumba ya pili ya mwenye nyumba huyo, hapohapo jirani, iliwekewa umeme na fundi yuleyule aliyekosea kwetu, na bado haijakaguliwa.

Mshona nguo,
Chikongola, Mtwara