Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Bwawa, Mawingu na Mkataba Tusiousaini

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita ulifanyika ngazi za mnara wa kutolea maji zikiwa wazi hadi ya chini kabisa, ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Leo maji yameifunika, ingawa si kwa kina cha kujivunia. Mambo ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina, naye ana maneno machache kuliko mimi. Nitatumia nafasi yangu kueleza suala lililokula vikao vingi vya kamati kuliko jingine lolote: mvua ya kutengeneza, yaani kukodi ndege inyunyizie mawingu ili yanyeshe.

Nikiri mapema kwamba aliyelileta ni mimi. Ukiamka kila asubuhi ukakuta tope limesogea hatua moja zaidi kuelekea katikati ya bwawa, anayekuambia anaweza kuleta mvua utamkaribisha na kumpa kiti. Tulimpa kiti. Alikuja na picha za ndege na chupa ndogo yenye unga wa manjano, akaongea vizuri sana. Kisha mjumbe mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: “Na siku isiyo na wingu mtarusha nini?” Mgeni akajibu kwamba mkataba hulipia muda ambao ndege iko tayari. Yaani jua likiwaka miezi mitatu mfululizo, ankara inakuja vilevile.

Hapo ndipo tulipoanza kusoma, na tuliyoyakuta si porojo. Mwaka 1946 Vincent Schaefer wa kampuni ya General Electric alitupa vipande vya barafu kavu, yaani hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, kwenye wingu juu ya milima ya Massachusetts, theluji ikaanguka. Mwaka huohuo mwenzake, Bernard Vonnegut, akagundua kwamba iodidi ya fedha, kemikali yenye madini ya fedha, hufanya kazi hiyo hiyo, kwa sababu chembe zake zimepangika karibu sawa na chembe za barafu. Ndani ya wingu kuna matone yaliyopoa chini ya nyuzi sifuri bila kuganda. Yanangoja kitu cha kushikilia. Yakikipata huganda, hunenepa, huanguka. Kwa mawingu yasiyofikia baridi hiyo hutumika chumvi laini. Kila aliyewahi kuacha kibakuli cha chumvi wazi wakati wa unyevu anajua kinachofuata: chumvi huvuta maji. Tone moja la mvua linahitaji takriban matone milioni moja ya wingu yaungane, na chumvi huharakisha muungano huo.

Angalieni basi: hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayotengeneza wingu. Jina “mvua ya kutengeneza” lenyewe linatudanganya. Kinachofanyika ni kulikamua wingu lililokwisha kuja, na ukame kwa kawaida ni msimu ambao mawingu ya kukamua ndiyo yaliyoadimika.

Je, linakamulika kiasi gani? Hapa kamati iligawanyika. Waliotaka tusaini walitegemea jaribio la Idaho, Marekani, Januari 2017. Ndege ilipita ikienda na kurudi ndani ya wingu, na rada ikaonyesha mistari ya theluji iliyopindapinda sawasawa na njia yake. Mara tatu walizoweza kupima zilileta jumla ya maji yanayokaribia mita za ujazo laki saba. Hilo sikulipinga na silipingi leo. Waliokataa walileta mfano wa Israel, nchi iliyofanya kazi hii kwa miongo mingi. Jaribio la kaskazini mwa nchi hiyo kati ya 2013 na 2020 lilichagua kwa bahati nasibu siku za kunyunyizia na siku za kuacha, na ongezeko la mvua likawa asilimia 1.8, dogo kiasi cha kushindwa kutofautishwa na bahati. Mradi ukasitishwa. Desemba 2024 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zilizopo, makadirio yakaanzia 0 hadi asilimia 20.

Mimi nimehama upande kidogo, si kabisa. Asilimia tano ya msimu mzuri ni maji halisi yanayoweza kukaa bwawani hadi kiangazi. Asilimia ishirini ya mvua isiyokuja ni sifuri. Kwa hiyo nikiulizwa, ndege huitwa mvua zikiwa zimeshika, wakati kila mtu amesahau shida, na bwawa liwe na nafasi ya kupokea. Kuiita bwawa likikauka ni kuchelewa.

Na nafasi hiyo hatukuwa nayo. Mafundi waliposhuka kwenye sakafu iliyokauka, ufito waliouchomeka kwenye tope ulizama kupita kimo cha mrefu wao. Fedha tulizozitenga kwa ndege zikaenda kwenye kuzoa tope hilo na kuziba mlango wa maji uliokuwa ukivuja usiku kucha. Najua baadhi yenu mlinuna. Tope halina mvuto wa ndege.

Majirani wa bonde la chini waliandika barua wakisema tunataka kuwaibia mvua. Tumewajibu kwa heshima, na tumekubaliana kwamba mpango wowote ujao wataujua kabla yetu kusaini. Wengine walitaja mafuriko ya Dubai ya Aprili 2024. Wataalamu wa hali ya hewa waliyaeleza kwa mfumo mkubwa wa dhoruba uliotabiriwa siku kadhaa kabla, si kwa unyunyiziaji. Hata hivyo nataka mkataba wowote utaje kina ambacho bwawa likikifikia ndege haziruki.

Kamati inaomba idhini yenu kwa jambo moja: tupime mvua misimu miwili kamili kabla ya kuzungumza tena na mtu yeyote mwenye ndege, na akija, matokeo yapimwe na asiye mwajiriwa wake. Bila daftari letu wenyewe, kila mvua itakayonyesha ataidai ni yake.

Vipimamvua vimeshafungwa. Vinasomwa saa tatu kamili asubuhi, Jumapili pia. Zamu ya mwezi ujao ina nafasi mbili wazi, na katibu ana karatasi ya majina pale mlangoni.