Kikombe cha Babu na Marisau Yasiyo ya Risasi

Juzi mteja mmoja alituwekea juu ya meza ya duka letu la vifaa vya kujazia katriji kikombe cha shaba, kipana kama kidole gumba, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa miaka mingi. Babu yake alikitumia kupimia marisau, yaani punje ndogo za kuwindia ndege, ya bunduki yake ya namba 8 (namba hiyo ni kipimo cha upana wa mtutu). Ukikijaza risasi na kukifuta juu kwa kadi, unapata wakia mbili, yaani gramu 57. Alichotaka kujua ni kimoja tu: je, akijaza marisau mapya yasiyo ya risasi kwa kikombe hichohicho, kuna ubaya?

Upo, na si mdogo.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Bata hana meno. Humeza changarawe ili firigisi isage chakula, na matopeni hawezi kutofautisha kijiwe na punje ya risasi. Firigisi huisaga ile punje, asidi ya tumbo huiyeyusha, na sumu huingia kwenye damu. Ndiyo maana Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi kwa uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991. Hapa England kanuni zilikuja mwaka 1999: huruhusiwi kumpiga bata wala bata bukini kwa risasi, uwe bwawani au katikati ya shamba kavu, na ufukweni chini ya alama ya maji kujaa huruhusiwi kuitumia kwa shabaha yoyote. Sisi tunaosema Kiswahili tuna kazi ya ziada, maana "risasi" kwetu ni madini na ndiyo hiyohiyo inayotoka mtutuni. Tukisema "risasi isiyo ya risasi", mgeni hudhani tunamtania.

Sasa kikombe. Kikombe hupima ujazo, hakipimi uzito. Risasi ina gramu 11.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, madini ya bismuthi yaliyochanganywa na bati kidogo yana kama 9.6, na chuma 7.8. Kwa hiyo kikombe kile cha gramu 57 kitakupa karibu gramu 48 za bismuthi, na kwa chuma hata 40 hufikishi. Baruti ikikutana na mzigo mwepesi kuliko ule iliyopangiwa, haiwaki inavyotakiwa: mlio unakuwa wa ajabu, na vumbi la baruti mbichi linabaki mtutuni. Hilo ni kosa la kuharibu asubuhi yako tu. La hatari ni upande wa pili. Kuna madini mazito ya tangasteni yenye gramu 18 kwa sentimita hiyohiyo. Kikombe kilekile kitabeba takriban gramu 90, na hapo hatuzungumzii mlio tena, tunazungumzia vidole vyako.

Wapo wanaodhani mizani inamaliza tatizo. Haimalizi. Ukipima gramu 57 za bismuthi kwa usahihi, zitakaa nafasi kubwa zaidi ndani ya ganda, na kizibo ulichozoea, kile kinachotenga baruti na marisau, hakitaenea. Ukikishindilia kwa nguvu ili kienee, umebadilisha kitu kingine. Na bismuthi huvunjika: ibane kwa koleo, itapasuka badala ya kubonyea kama risasi.

Chuma je? Ni rahisi, kinapatikana kila mahali, na kwa bunduki za siku hizi zenye chapa ya ua la yungiyungi, yaani zilizojaribiwa kwa marisau ya chuma, kutoka nyumba za upimaji wa bunduki za London au Birmingham, hatuna neno. Lakini bunduki nyingi za namba 8 na namba 4 tunazoletewa ni za enzi za Malkia Victoria. Mitutu yake ni laini, mara nyingine imesukwa kwa nyuzi za chuma na feleji, na mdomo umebanwa sana ili marisau yaende mbali yakiwa pamoja. Risasi ikifika kwenye mbano hubonyea ikapita. Chuma hakibonyei, kwa hiyo mtutu ndio unaobonyea. Tumeshaona uvimbe wa pete karibu na mdomo, unausikia kwa kidole kabla hujauona kwa jicho. Bunduki ya namna hiyo chuma hatukiwekei, hata mteja akisema ataweka kidogo tu.

Zinabaki bismuthi na ile tangasteni iliyosagwa ikachanganywa na plastiki laini, yenye uzito unaokaribia wa risasi. Zote mbili ni laini vya kutosha kwa mtutu wa zamani, ila hiyo ya pili bei yake inauma. Wengi huishia kwenye bismuthi, nasi hatuwalaumu.

Jambo jingine ambalo wateja hawalitegemei: namba iliyochongwa kwenye bunduki haikuambii kila kitu. Mtutu wa namba 8 unatakiwa uwe na kipenyo cha kama milimita 21.2, lakini baadhi zilitengenezwa kwa maganda membamba ya shaba, na kwa hizo mtutu ni mpana zaidi. Kizibo cha kawaida humo hucheza, na moshi hupita pembeni. Kwa hiyo tunapima mtutu na chemba (pale katriji inapokaa) kabla ya kugusa baruti. Hakuna kukisia.

Katriji zilizokwisha kushindiliwa hatuuzi. Tunauza maganda, vizibo na marisau, tunapima bunduki, na tunakaa nawe mezani hadi umalize kumi za kwanza. Vipimo vya baruti hatuviandiki hapa wala hatuvitaji kwenye simu; tunatumia vile tu vilivyojaribiwa shinikizo kwa baruti ileile, fataki ileile inayoiwasha na kizibo kilekile. Ukibadilisha kimoja, si kipimo kile tena.

Ukija, njoo na bunduki yenyewe, cheti chako cha polisi, ganda moja tupu ulilowahi kulifyatua, na kikombe chako kama unacho. Tutakijaza mbele yako, marisau aina moja baada ya nyingine, na mizani usome mwenyewe.