Salamu za Idi kwa mama zetu wa vichekesho

Assalaam alaykum. Mwezi umeandama, mfungo umekwisha, nasi tulio katika kazi ya kuchekesha hapa Dar tunawapa mkono wa Idi dada zetu waigizaji, wanao, mashoga zao, na jirani wanaoachiwa watoto alfajiri. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu na atufikishe mwakani tukiwa na uhai na afya.

Mwaka umekuwa mzito. Mkaa umepanda, nauli imepanda, malipo ya siku ya kurekodi yamebaki palepale. Na kila Idi tunamkumbuka Mzee Majuto, mchekeshaji mwana wa Tanga, aliyetutoka Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Ukitaka kujua kutulia ni nini katika kazi hii, mtazame yule mzee. Kicheko hupanda, hufika juu, kisha huanza kushuka. Neno lako linalofuata liingie pale kinaposhuka, kabla hakijafa. Ukiingia mapema watu hawakusikii, na ukirudia hivyo mara mbili tatu wanaanza kujizuia kucheka ili wasipitwe. Mbele ya kamera hakuna wa kukucheka, basi shikilia uso uleule kwa pumzi mbili. Mhariri akiona zimezidi atakata. Zikikosekana hana pa kuzitoa.

Lakini kicheko hicho si cha mmoja. Yupo anayeuliza swali, uso mkavu, kwa maneno yaleyale ya mazoezi. Akibadilisha neno la mwisho la swali, jibu linaanguka. Akitaka naye achekeshe, vinakufa vyote viwili. Huyo ndiye asiyetajwa na ndiye anayelipwa kidogo, na mara nyingi ndiye anayembeba mtoto wa mwenzake ukifika wakati wa yule kuingia. Shoga wa namna hiyo hapatikani kila siku mjini hapa. Mmoja hatakuwa nasi kwenye safu ya wanawake asubuhi ya Idi. Mpaka leo swali lake silisikii kwa sauti ya mtu mwingine.

Kwa wenye watoto wachanga: maziwa yaliyokamuliwa hukaa muda wa saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25, na joto la Dar msimu huu liko juu ya hapo, kwa hiyo yawekwe kwenye boksi lenye barafu tangu nyumbani. Anayeanza kutembea asikukute umeshapakwa masizi na kuchorwa masharubu ya wanja, atalia na hutamnyamazisha. Mkalishe akuone ukipakwa tangu mwanzo, umwachie naye achore kidogo mkononi mwako. Na video ambayo mama anapigwa mwiko, aione nyumbani kwanza, ukiwa karibu naye, kabla wenzake hawajamwonyesha shuleni. Sauti ya puani nayo inakwaruza koo. Matukio ya kupayuka yarekodiwe mwisho wa siku. Wanaopitia bonde la Jangwani, linalojaa maji, mvua ikinyesha usiku ulizeni kama barabara iko wazi kabla hamjatoka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Anayeitwa kwa simu na kulipwa kwa siku, bila karatasi, ni vigumu kwake kuishikia sheria hiyo. Andikeni basi, hata ukurasa mmoja: siku ngapi, saa ya kuanza na ya kumaliza, mapumziko ya kunyonyesha, na nani analipa usafiri kazi ikipita saa 3 usiku.

Nanyi watayarishaji, mcheni Mungu. Tumeamrishwa tumlipe mtu ujira wake kabla jasho halijakauka, na ninyi mnamwambia mama mwenye mtoto mgongoni asubiri video ipate watazamaji. Mmefunga siku zote hizi, mmetoa zakatul-fitri, na deni la dada yenu bado mnalo mfukoni? Lipeni leo, kabla ya swala. Na wewe dada uliyepata tangazo, mtaje aliyekuulizia maswali, umpe na fungu lake mkononi.

Idi Mubarak. Watoto wavae vipya, wapate na hela ya pembea. Idi pili tutaonana mazoezini, njooni nao.