Huyo mmoja ni nani?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Wiki mbili zilizopita mlichapa makala kuhusu lile swali la gari la reli: breki zimekatika, mbele kuna watu watano, nawe umesimama penye chuma cha kubadilishia njia. Ukikivuta, gari linahamia reli ya pembeni na kumuua mtu mmoja. Mwandishi alitueleza kwamba swali hilo chanzo chake ni andiko la mwaka 1967 la mwanafalsafa wa Kiingereza, Philippa Foot, na kwamba wengi wakiulizwa husema vuta. Jumapili iliyopita mkatuletea barua nne za wasomaji, na zote nne zilisema mmoja afe watano wapone, hesabu ni hesabu.

Mimi nimekaa baharini miaka 41, kwanza baharia, baadaye nahodha. Mambo ya reli siyajui. Lakini swali hili mimi lilinikuta, tena nililijibu kama walivyolijibu hao wanne.

Ilikuwa Julai 1976, upepo wa kusi umekaza. Mashua yetu iliondoka Wete kwenda Tanga baada ya Alasiri, tuko watu 12 na magunia 40 ya nazi. Miongoni mwa abiria alikuwamo mgonjwa akipelekwa hospitali ya Bombo, tumbo limemvimba, miguu imebaki mifupa. Tulimlaza tezini, nyuma ya chombo, juu ya mkeka tukamfunika kipande cha tanga kuukuu. Mdogo wake ndiye aliyefuatana naye.

Usiku wa manane, katikati ya mkondo, tukaona maji yanapanda ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Kalafati (pamba ya kuzibia mwanya) ya ubao mmoja karibu na mkuku (boriti ya chini ya chombo) ilikuwa imetoka, na ubao wenyewe uko chini ya magunia. Tukashika nyupo na madebe tukafua maji, kila tukifua yanarudi. Nahodha akaamuru nazi zitupwe. Mwenye nazi akajilaza kifudifudi juu ya magunia yake, akaapa kwamba mali ile si yake peke yake, ina washirika, na heri azame nayo kuliko kurudi Wete mikono mitupu. Tukasimama kubishana naye.

Hapo ndipo lilipotoka neno. "Huyu mgonjwa hafiki Tanga. Kwa nini tusimpunguze yeye?" Aliyesema ni baharia wa miaka 19, na baharia huyo ni mimi. Wawili wakaitikia. Mdogo wa mgonjwa alikuwa chini ngamani, maji yako magotini, anafua kutuokoa sisi sote. Kwa upepo ule hakusikia. Mgonjwa mwenyewe nadhani alisikia, maana aliutoa mkono chini ya lile tanga akashika ukingo wa mashua.

Nahodha wetu, Mungu amrehemu, hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia, "Njoo umnyanyue." Nikainama nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa chuo cha Kurani, na mwili unamchemka homa. "Mlaze. Sasa kanyanyue gunia." Nikajaribu, peke yangu sikuliweza. "Haya niambie wewe, kipi kinachotuzamisha?"

Wawili wakamshika mwenye nazi mikono, sisi wengine tukachana magunia kwa visu. Mpaka leo nikifumba macho nazisikia zile nazi gizani, zimetuzunguka, zinagonga ubavu wa chombo kwa, kwa, kwa. Mashua ikainuka kama shibiri mbili. Na magunia yalipoondoka ndipo mkono ukafika penye ule ubao, tukauziba kwa pamba na kitambaa kilicholoweshwa sifa, yale mafuta ya papa. Tungemtupa yule mgonjwa, tundu lingebaki palepale chini ya nazi, na baada ya saa moja tungekuwa tunatafuta mwingine wa kutupa.

Nimeyafikiri haya miaka mingi. Nilimtaja yeye kwa sababu gani? Uzito hakuwa nao. Magunia yalikuwa na mwenyewe anayepiga kelele. Yeye alikuwa amelala kimya, na mtu wake wa kumsemea alikuwa ndani ya maji. Nilidhani nimepiga hesabu, kumbe nilikuwa nimemtafuta asiyeweza kunijibu.

Mjukuu wangu anasoma sheria Dar es Salaam. Likizo iliyopita alinisomea kesi moja ya Kiingereza nikashindwa kula chakula cha usiku. Mwaka 1884 jahazi dogo la kifahari, Mignonette, lilizama likitoka Uingereza kwenda Australia. Watu wanne wakabaki kwenye mashua ya kuokolea, bila maji ya kunywa na karibu bila chakula. Baada ya siku kama 20 nahodha Dudley na msaidizi wake Stephens walimuua kijana Richard Parker wa miaka 17, wao na mwenzao wa nne wakamla, na siku nne baadaye meli ikawaokota. Kijana alikuwa amekunywa maji ya bahari na amelala hajiwezi. Wote wawili walihukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa ikawa kifungo cha miezi sita. Jaji Coleridge aliuliza ni kwa kipimo gani thamani ya maisha ya watu inalinganishwa, akaonesha kwamba aliyechaguliwa ndiye aliyekuwa dhaifu kuliko wote, mdogo kuliko wote, asiyeweza kupinga. Nilimwambia mjukuu wangu airudie sentensi hiyo mara tatu.

Wapo watakaonikumbusha Nabii Yunus, jahazi limejaa, kura zikapigwa, akatupwa yeye. Nilimpelekea sheikh wetu jambo hilo hilo. Akaniambia wanazuoni hawakuifanya habari ile kuwa ruhusa kwetu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuchukua mfano huu huu wa watu chomboni, mmoja akitupwa wengine watapona, akasema haifai, hata kwa kura. Kwake, kuua asiye na hatia kunaweza kuzungumzwa pale tu panapokuwa na dharura, na yakini, na hatari ya umma mzima kuangamia. Watu wa chombo ni wachache wa kuhesabika, si umma. Na Imamu Nawawi alikwishasema chombo kikielekea kuzama mali hutupwa, tena ni wajibu kuitupa ikitarajiwa kuwaokoa watu. Nahodha wetu hakusoma vitabu hivyo. Alijua tu kipi kinaanza kutoka chomboni.

Hiyo yakini ndiyo inayonikera katika swali la reli. Mwulizaji anakupa yakini bure: watano watapona, mmoja atakufa, basi. Mimi sikuwahi kuipata yakini hiyo baharini, hata usiku mmoja. Na wale wasomaji wanne hakuna aliyesema kwamba huyo wa reli ya pembeni ni mwanawe, au ni yeye mwenyewe.

Mgonjwa wetu alifariki kulipokucha, tumeshakiona kisiwa cha Yambe. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mdogo wake, na nahodha alimwacha mtu usukani akaja kumtamkisha shahada. Kwa hiyo kwa hesabu nilisema kweli, Tanga hakufika hai. Tulimwosha, tukamsalia, tukamzika siku ile ile, na mdogo wake alirudi Wete nasi katika chombo kile kile. Njiani aligawa tende alizopewa msibani, akaanza na mimi.

Ombi langu kwenu, mkiliuliza tena swali hili, tupeni umri wa huyo mmoja, mtuambie anaumwa nini na nani amefuatana naye.

Marehemu aliacha mtoto mchanga wa kiume. Leo ni mtu mzima, ana wajukuu, na kila Idi huja kunipa mkono kwa sababu nilikuwa na babake usiku ule wa mwisho. Sijawahi kumwambia ni nani aliyelitoa lile neno. Gazeti hili hulisoma.

Nahodha mstaafu,
Wete, Pemba