Lugha ya prosija nayo ifuate kiwango

Mhariri,

Ofisi nyingi hapa Uganda, vikiwemo vyama vya akiba na mikopo, zinashauriwa ziache hifadhidata za kulipia leseni na kuhamia zile huria. Ushauri ni mzuri, na wakubwa wa ofisi hupenda sana kusikia kwamba kitu ni cha bure. Hata hivyo, wanaoutoa huzungumzia majedwali tu, ambayo kuyahamisha si kazi kubwa. Kinachokwamisha ni prosija, yaani programu ndogo zinazokaa ndani ya hifadhidata yenyewe na kupiga hesabu za riba, faini za marejesho yaliyochelewa na ufungaji wa mwezi. Hifadhidata ya Oracle inazo katika lugha yake ya PL/SQL, ya Microsoft katika T-SQL, na anayehama hulazimika kuziandika upya mstari kwa mstari huku mhasibu akisubiri.

Kiwango cha kimataifa cha lugha ya prosija kipo tangu 1996. Kinaitwa SQL/PSM, na sasa ni sehemu ya nne ya ISO/IEC 9075, kiwango cha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Hifadhidata ya DB2 ya IBM inakifuata kwa karibu, na ile huria ya MySQL ilikichukua mwaka 2005 katika toleo la 5.0, ingawa si chote. PostgreSQL, hifadhidata nyingine huria, ambayo ndiyo inayobeba mfumo wa DHIS2 unaotumiwa na Wizara yetu ya Afya kukusanya takwimu, haina lugha hiyo. Yake ni PL/pgSQL, iliyoingia mwaka 1998 kwa kuiga PL/SQL. Sidai iondolewe, naomba ile ya kiwango iwekwe kando yake, kwa kuwa PostgreSQL tayari hupokea lugha nyingine, kama Python na Perl, kwa amri ya CREATE LANGUAGE.

Mwelekeo huo umekwisha kuonekana. Toleo la 11 la PostgreSQL, la mwaka 2018, lilileta CREATE PROCEDURE na CALL, amri za kuunda prosija na kuiita. Toleo la 14 la mwaka 2021 liliruhusu funksheni ya SQL (programu ndogo inayorudisha jibu) iandikwe kwa muundo wa kiwango, BEGIN ATOMIC, badala ya kuhifadhiwa kama maandishi matupu, hivyo hifadhidata huichambua siku inapoundwa na kumzuia mtu anayetaka kufuta jedwali ambalo funksheni hiyo inalitegemea.

Ugumu wenyewe uko kwenye hitilafu, na wanaodhani kazi hii ni ya kubadilisha maneno tu hawajaitazama sehemu hiyo. Katika PSM, mwandishi hutangaza mapema nini kifanyike hitilafu ikitokea, na akichagua CONTINUE, prosija huendelea na amri inayofuata. Katika PostgreSQL, hitilafu moja huharibu muamala mzima, yaani kundi la amri zinazokamilika au kufutwa pamoja, isipokuwa amri ile ilikuwa imezungushiwa muamala wake mdogo. Maana yake ni kwamba prosija inayopita akaunti za wanachama maelfu ingelipa gharama ya kufungua muamala mdogo katika kila hatua, hata pale ambapo hakuna kosa lolote.

Kwa hiyo ningependa kazi ianze na IF na CASE za kuchagua, WHILE ya kurudia, kasa (cursor, ya kupitia safu za matokeo moja moja) na vigezo vya kuingiza na kutoa, ambavyo vinatosha kwa prosija nyingi za mikopo nilizoziona, na ambavyo wanafunzi wa kompyuta wa Makerere wanaweza kuvifanya kama mradi wa mwisho wa masomo. CONTINUE ifuate baadaye, baada ya kupimwa kasi yake. UNDO, inayotengua yaliyofanywa hitilafu ikitokea, inaweza kusubiri. Hata MySQL haina.

Mtunza hifadhidata,
Ntinda, Kampala